Nani Atasukuma Upepo? Karakana za Uwanda wa Kati, Toka Mivukuto Hadi Kompresa

Anayeingia duka la vifaa vya ufundi mjini Dodoma akitafuta kompresa ya karakana ya uani huanza na mtungi. Lita 24, lita 50, lita 100: mtungi ndio unaoonekana, ndio uliopakwa rangi ya kuvutia, na bei hupanda kadiri unavyonenepa. Lakini mtungi hautengenezi upepo, unautunza tu. Mafundi waliofanya kazi katika uwanda huu karne nyingi kabla ya maduka hayo walianzia upande wa pili. Walijiuliza kazi iliyopo inataka upepo mwingi au upepo mkali, kisha wakajiuliza nani atausukuma. Historia ya ufundi wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Singida inaweza kusimuliwa kwa kufuata maswali hayo mawili, na mnunuzi wa leo ana mengi ya kuokota njiani.

Wahunzi ndio waliotangulia. Ufundi wa chuma una umri mrefu katika nchi hii ya kati. Huko Usandawe, katika wilaya ya Chemba ya sasa, kuna mahali paitwapo Lelesu palipoupa jina mtindo mmoja wa vyungu vya watu wa mwanzo wa zama za chuma, waliokaa humo katika milenia ya kwanza. Misafara ya pwani ilipokuja kukatiza Ugogo katika karne ya 19, njia ilikuwa tayari ya biashara. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, na kama wasafiri wengine walilipa hongo kwa watemi wa Kigogo kwa nguo, shanga na nyaya ndipo waruhusiwe kuteka maji na kuendelea. Katika mizigo ya nchi yenyewe, jembe la chuma lilikuwa na heshima yake. Makumi ya maelfu ya majembe yalishuka kutoka kwa wahunzi Warongo wa Uzinza, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, yakapita soko la Tabora na kusambaa. Jembe lilikuwa chombo cha shamba, na katika jamii kadhaa lilihesabiwa kwenye mahari.

Jembe likishalika, lilirudi motoni, na hapo mhunzi alihitaji upepo.

Mkaa unaowaka wenyewe kwenye hewa tulivu haufikishi chuma kwenye wekundu wa kufulika. Ili chuma kilainike na kupokea nyundo, moto unatakiwa ukaribie nyuzijoto 1,000 na zaidi, na moto wa namna hiyo hula hewa bila kukoma. Mhunzi wa Afrika Mashariki alitumia mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi. Kila mvukuto ulikuwa kiriba chenye mdomo mpana, na kingo za mdomo ziliimarishwa kwa vijiti. Mvukutaji, mara nyingi kijana anayejifunza kazi, alikaa chini katikati ya viriba, mkono wa kulia huku, wa kushoto kule. Mkono ulipopanda, vidole vilitanua mdomo na hewa ikaingia. Ulipoanza kushuka, vidole viliubana mdomo na hewa ikakimbilia kwenye bomba la udongo lililoelekea kwenye makaa. Kiriba kimoja kikinywa, kingine kinatema, na moto hausikii pengo.

Anayefahamu kompresa ya pistoni mbili ataona kwamba mpango ni uleule. Pistoni moja inavuta huku nyingine inasukuma, na vali zinafunguka na kufunga kwa wakati wake. Kwa mhunzi, vali ilikuwa vidole vya mvukutaji. Ndiyo maana kijana aliyevukuta vibaya aliharibu kazi ya bwana wake: akichelewa kubana, nusu ya pumzi ilimrudia usoni, akichelewa kufungua, alivuta majivu na cheche kutoka kwenye bomba na kuchoma ngozi.

Upepo wa mivukuto haukuwa na nguvu ya kujaza hata mpira wa baiskeli, lakini ulikuwa mwingi na haukukatika. Kazi ya moto haikudai zaidi ya hapo. Kusini-magharibi zaidi, Wafipa walikwenda mbali kuliko hivyo: tanuri zao ndefu za kuyeyushia mawe ya chuma, malungu, zilizofikia mita tatu hivi kwenda juu, zilivuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini, kwa jinsi joto linavyopanda. Hakuna aliyevukuta. Mivukuto ilingoja hatua ya pili, kwenye tanuri dogo la kintengwe, pale chuma kibichi kiliposafishwa. Mwanaakiolojia Profesa Bertram Mapunda ametumia miaka mingi kuchunguza mabaki ya kazi hiyo. Inafaa kulitazama jambo hili kwa heshima inayostahili: watu wasio na mashine walipima kila hatua ya kazi inataka upepo wa namna gani, wakajenga chombo cha hatua hiyo, na hawakupoteza jasho la kijana mahali ambapo joto lenyewe lingefanya kazi.

Uhandisi wa kiwandani ulifika uwandani kwa miguu. Mwaka 1877 Alexander Mackay, Mskoti wa chama cha misheni cha CMS aliyewahi kufanya kazi ya uhandisi Ujerumani, alisimamia ukataji wa njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, karibu maili 230, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yaweze kupanda toka pwani. Mackay alikuwa mwinjilisti aliyependa chuma. Baadaye Buganda alijulikana zaidi kwa kazi ya mikono yake kwenye kaa la moto na kwenye mashine kuliko kwa mahubiri pekee. Njia yake ya Mpwapwa haikudumu kama alivyotaka, kwani mbung'o waliua ng'ombe na mvua ikarudisha vichaka. Ilichoonyesha ni kwamba mashine nzito haiji uwandani mpaka kwanza ipate barabara yake.

Barabara hiyo ilikuja kuwa reli. Kampuni ya Philipp Holzmann ilianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Morogoro ilifikiwa mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Pamoja na reli ikaja karakana ya aina mpya, yenye mvuke, na punde yenye umeme. Umeme wa kwanza wa kuhudumia mji katika nchi hii uliwashwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1908, na miongoni mwa walioupata kwanza ilikuwa karakana ya reli. Mashine za karakana zilitangulia taa za wananchi kwa miaka mingi sana.

Wakati huo upepo uliobanwa ulikuwa tayari na sifa duniani. Katika handaki la reli chini ya milima ya Alps, kati ya Ufaransa na Italia, lililochimbwa kuanzia 1857 hadi 1871, mitambo ya Germain Sommeiller ilisukuma upepo kwenye keekee za kutoboa mwamba mahali ambapo injini ya mvuke ingewaua wachimbaji kwa moshi. Mwaka 1869 Mmarekani George Westinghouse alipata hataza ya breki ya treni inayotumia upepo. Hapo ndipo lilipoonekana hitaji la pili, lililo kinyume cha la mhunzi: breki haitaki hewa nyingi, inataka hewa kali iliyobanwa kwenye mtungi na kusubiri.

Upande wa Singida kulikuwa na dhahabu ya Sekenke, iliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Sehemu ya dhahabu hiyo ina kisa cha kukumbukwa. Mwaka 1916, vita kuu ya kwanza vikiwa vimefunga bahari na fedha zimekwisha, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu, na dhahabu ya Sekenke ikapigwa chapa ya tembo kuwa sarafu ya rupia 15. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanaitafuta mpaka leo. Inaonyesha jinsi karakana moja yenye mashine nzuri na mafundi wazuri ilivyoweza kufanya karibu lolote.

Mwaka huohuo matairi yalifika kwa wingi, na yalifika na jeshi. Kikosi cha Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, kiliteka Kondoa-Irangi mwezi wa Aprili 1916, kikakwama huko kwa mvua na njaa, magari yakizama kwenye tope, hadi kilipoingia Dodoma mwishoni mwa Julai. Baada ya vita njia ya Arusha, Kondoa, Dodoma na Iringa ikawa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyoota kuunganisha Cape na Cairo. Dodoma ilikaa pale reli na barabara hiyo zinapokatana. Kuanzia 1932 hata ndege za Imperial Airways za safari ya Afrika Kusini zilitua Dodoma kati ya Moshi na Mbeya. Kila chombo kilichopita, toka lori hadi ndege, kilisimama juu ya mpira uliojaa upepo.

Hivyo kazi mpya ya ufundi ikazaliwa, ya pancha. Fundi wa pancha wa kwanza alikuwa na pampu ya mkono, gundi, viraka na beseni la maji. Gari dogo lilihitaji upepo wa psi 30 hivi. Lori lilihitaji mara tatu ya hapo na kupita. Kumpa mtu pampu ya mkono aijazie tairi ya lori ni kumpa adhabu, na madereva wa barabara ya Iringa walilijua hilo. Katika miji ya reli mafundi Wakalasinga na wenzao wa Kihindi walifungua gereji, na ndani ya gereji hizo vijana wa Kigogo, Kirangi na Kinyaturu walijifunza kushika spana. Huko nyuma ya ukuta kompresa ya mkanda ilianza kunguruma, pistoni moja au mbili za chuma zikizungushwa na injini ya mafuta.

Lori zito la baadaye lilikuja na ufumbuzi wake lenyewe. Breki zake zikiwa za upepo, lilibeba kompresa ndogo injini ikiizungusha, na mitungi chini ya bodi. Utingo mwenye mpira wa kutosha na kichwa cha kufungia aliweza kujaza tairi ya gari lake porini, na akamsaidia na mwingine aliyekwama. Huu ni msaada ambao wasafiri wengi wa njia ya Manyoni na Itigi wamewahi kuushukuru.

Kisha ikaja Kongwa, na hapo inabidi kutua kidogo.

Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipeleka kwa serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Afrika Mashariki ili kuziba njaa ya mafuta ya kula baada ya vita kuu ya pili. Mpango uliopitishwa ulilenga ekari zaidi ya milioni tatu, na Kongwa, mashariki ya Dodoma, ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Reli ya tawi ilichomolewa kutoka Msagali. Matrekta yalitafutwa popote yalipopatikana, mengi yakiwa makuukuu yaliyoachwa na jeshi la Marekani Ufilipino. Vickers-Armstrongs wa Uingereza walichukua vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta, yakaitwa Shervick. Kwa miaka michache kijiji cha wafugaji kikawa na mojawapo ya karakana kubwa za mitambo mizito Afrika Mashariki.

Mashine hazikujua nchi. Mibuyu na vichaka vyenye mizizi minene viling'ang'ania ardhini. Udongo wa Kongwa, wenye mchanga mkali wa kwarizi, ulisaga majembe ya trekta, na kiangazi kilipoingia uligeuka mgumu kama zege. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, karibu theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa mabovu. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Januari 1951 serikali ya London ilitangaza kuachana na mpango, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwenda.

Karanga hazikupatikana, lakini ufundi ulibaki. Vijana wa Kiafrika walifundishwa pale udereva wa mitambo na utengenezaji, na karakana ya ukubwa ule haiendi bila upepo uliobanwa: wa kupuliza vumbi kwenye filta na rejeta, wa matairi, wa kunyunyizia rangi, wa bunduki za kufungulia nati. Kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kushika mpira wa kompresa. Kongwa yenyewe ikapata maisha mengine. Kulikuwa na shule ya Wazungu, kisha ranchi ya ng'ombe, na kuanzia 1964 kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na MPLA. Wananchi wa Kongwa huikumbuka kambi kwa fahari, na wana haki. Karakana nayo inastahili kukumbukwa, hata kama walioianzisha walishindwa kwa kuchagua mashine kabla ya kuijua kazi na ardhi.

Uhuru uliikuta Dodoma mji mdogo wa reli. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie huko. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa, na mwaka huohuo likaanzishwa shirika la viwanda vidogo, SIDO. Kwa karatasi, Dodoma ilikuwa inaelekea kuwa mji wa karakana. Katika maisha, iligonga miaka migumu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na tairi jipya likawa jambo la kibali na la kujuana. Mafundi wakaishi kwa kufufua. Tairi lililopasuka lilishonwa na kuwekewa kipande ndani, ringi za pistoni zilihama kutoka injini moja hadi nyingine, na kompresa moja ya zamani ilihudumia mtaa mzima. Bajeti ya 1984 ilipowaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, milango ikaanza kufunguka, na magari yaliyotumika kutoka Japani yakafuata miaka ya tisini.

Mabadiliko makubwa zaidi kwa fundi mdogo, hata hivyo, yalikuja kwa nguzo na waya. Kwa miongo mingi umeme wa Dodoma ulitoka kwenye jenereta za dizeli za mjini. Mafuta yakichelewa, mji ulisubiri. Bwawa la Mtera, kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa, lilipata mitambo ya megawati 80 mwaka 1988, na njia ya kilovolti 220 ikapita Iringa, Dodoma na Singida kuelekea Shinyanga. Tangu hapo mtu mwenye banda la mabati nyuma ya nyumba aliweza kufikiria mota badala ya injini. Swali la kale la nani atasukuma likapata jibu jipya: Mto Ruaha Mkuu.

Mwezi wa Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kweli, na ikahama. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Idadi kama hiyo inataka milango, madirisha, meza, makabati, vitanda na magari yanayotembea. Kizota, Majengo, Chang'ombe na Nkuhungu, na pembezoni kuelekea Nzuguni na Ihumwa, karakana zimeota uani na kando ya barabara: seremala anayepuliza vanishi, fundi wa aluminiamu anayepuliza takataka kwenye reli za dirisha, gereji bubu inayonyoosha bodi na kupiga rangi, kijana wa pancha anayewahudumia bodaboda na bajaji. Wengine wametoka vyuo vya ufundi vya VETA au Don Bosco, wengine wamejifunzia chini ya mwembe. Treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 inapita karibu nao ikiwa na kompresa zake yenyewe tumboni, kwa ajili ya breki na milango.

Ni katika mabanda haya ndipo mtungi unapopotosha watu.

Chukua kijana wa pancha. Kazi yake ni ile ya Westinghouse: upepo mkali, si mwingi. Tairi la bodaboda humeza hewa kidogo, kisha dakika kumi hakuna mteja. Kwake mtungi ni rafiki wa kweli, kwa sababu mota ndogo ina muda wa kuujaza tena. Kompresa ya nguvu farasi mbili, mtungi wa lita 24 au 50, presha ya psi 115, inamtosha kwa pikipiki na magari madogo. Akitaka kuhudumia malori, presha hiyo haitoshi, kwa kuwa tairi la nyuma la lori laweza kudai psi 110 au 120. Atafute ya pistoni zinazobana kwa hatua mbili.

Mpiga rangi amerudi kwenye kazi ya mhunzi, na ameongezewa masharti. Bunduki ya kawaida ya rangi hula lita 200 hadi 300 za upepo kwa dakika, bila kupumzika, mpaka mlango wa gari uishe. Akiutegemea mtungi wa lita 100 pekee, hesabu inamwumbua: kutoka psi 115 kushuka hadi 60, mtungi huo unatoa lita mia nne na ushee. Hiyo ni dakika moja na nusu, labda mbili. Baada ya hapo rangi inaanza kutema matone, na msasa unarudi kazini. Kinachomwokoa ni uwezo wa pampu kuzalisha upepo kadiri bunduki inavyoula, yaani lita kwa dakika.

Hapo pia pana mtego. Lita zilizoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi mara nyingi ni za hewa inayovutwa, si inayotoka. Kinachofika kwenye mpira huwa pungufu, mara nyingi theluthi mbili hivi. Na Dodoma ina makato yake ya ziada. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi: lita moja inayovutwa Dodoma ina kama asilimia 87 tu ya hewa iliyomo katika lita moja ya Dar es Salaam. Kompresa iliyojaza tairi vizuri Kariakoo itahitaji mizunguko zaidi kufanya kazi hiyohiyo Kizota. Singida na Kondoa, zilizo juu zaidi, makato yanaongezeka. Mwenye kutumia injini ya petroli anakatwa mara mbili, kwa kuwa injini nayo inapumua hewa hiyohiyo nyepesi.

Uwanda una neema yake pia. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kiangazi kirefu kina maana ya hewa kavu na maji machache ndani ya mtungi kuliko Tanga au Zanzibar, na mpiga rangi anajua thamani ya hilo. Lakini kiangazi hichohicho kina upepo na vumbi jekundu, na vumbi hilo lina mchanga, kama ule uliosaga majembe ya trekta Kongwa. Filta ya kompresa isiyosafishwa huku huziba mapema. Ikiondolewa kabisa, kama wengine wanavyofanya ili mashine ipumue, mchanga unaingia kwenye silinda na ringi zinakwisha.

Umeme nao unataka kutazamwa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Mota ya nguvu farasi tatu kwenye umeme wa njia moja wa nyumbani huvuta ampea 13 au 14 inapokimbia, na mara kadhaa zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka. Nyumba iliyo mwisho wa laini, yenye umeme mdogo jioni, itaisikia mota ikiguna bila kuondoka, na mota inayoguna inaungua. Mwenye kazi kubwa aombe umeme wa njia tatu, au apange kupiga rangi asubuhi. Kati ya kompresa isiyotumia mafuta, nyepesi na yenye kelele, na ile ya mkanda yenye oili, karakana ya kazi za kila siku itadumu zaidi na ya mkanda: inazunguka polepole, inapoa vizuri, na ringi, vali na mkanda wake vinapatikana na kubadilishwa na fundi wa hapahapa.

Mahali pengine mkoani kompresa ina kazi nzito kuliko hizo zote. Ilipoibuka rubi ya Winza, wilaya ya Mpwapwa, mwaka 2008 hivi, wachimbaji walimiminika. Katika uchimbaji mdogo wa vito na dhahabu nchini, kompresa kubwa ya dizeli hutoboa mwamba na pia hupeleka pumzi kwa watu walio shimoni. Huko upepo unatakiwa uwe mwingi na mkali kwa pamoja, na ukikatika, anayeumia ni mtu.

Jambo la mwisho linahusu mtungi uleule tulioanza nao. Mafundi wengi wenye mtaji mdogo wameunda kompresa zao kwa pampu ya friji na mtungi wa gesi uliochakaa, na ubunifu huo unatoka kwenye akili ileile iliyofufua matairi miaka ya themanini. Lakini chuma kilichobanwa hewa hakisamehe. Maji yanayobaki ndani hutafuna kitako kwa kutu mahali pasipoonekana, na mtungi ukipasuka kwa psi 100 hutawanya vipande vya chuma. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 iliipa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, kazi ya kukagua vyombo vya presha, ila mkaguzi hafiki kila ua. Mwenye karakana afungue koki ya chini kila jioni maji yatoke, avute pete ya vali ya usalama mara kwa mara aone kama inapumua, asiikaze wala kuiziba kamwe, na mtungi uliowahi kuchomelewa kiraka autoe kazini leo.